UZI: Watoto wa mjini na mwembe wa jirani. Tusisubiri safari ya Mikumi ndipo tuwatoe nje

#1 Mwalimu_wa_Tabata

Wakuu, salaam. Wazazi, walezi na walimu wenzangu, huu uzi ni wenu hasa.

Kila likizo ikikaribia, magrupu ya wazazi hujaa matangazo ya ziara: Mikumi, Saadani, Bagamoyo. Mchango unatajwa, wenye nacho wanalipa, asiye nacho mwanawe anabaki. Basi linaondoka alfajiri, watoto wanamwona tembo dirishani, usiku wanarudishwa wamelala. Sina ubaya na ziara hizo, kumwona tembo ni jambo kubwa kwa mtoto yeyote. Ninachokisimamia ni kwamba mtoto hazoeani na mazingira ya asili kwa kuyaona mara moja kwa mwaka akiwa ndani ya gari. Anazoeana nayo kwa kwenda mahali pamoja, pa karibu, tena na tena, mpaka pawe pake. Aujue mti wake unachanua lini, ndege gani wanatua pale, mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Hilo halina mchango wala fomu ya kusaini.

Tazameni siku ya mtoto wa Dar. Gari la shule linampitia bado giza. Anashinda darasani, jioni twisheni, anafika nyumbani magharibi, geti linafungwa. Kilichobaki ni runinga au simu ya mama. Jumamosi twisheni tena. Na shuleni kwenyewe siku hizi uwanja mzima ni pevingi. Ipo shule niliyowahi kufundisha, jina naliacha, walikata miembe kwa hoja kwamba majani yanachafua uwanja. Sasa saa ya mapumziko watoto wanabanana kwenye kivuli cha ukuta kama abiria wa daladala. Mdako utauchezea wapi kwenye pevingi? Rede itachezwa, lakini ukianguka goti lote linachunika, kwa hiyo walimu wameikataza. Kombolela inataka mahali pa kujificha, na uwanja ule hauna hata kichaka.

Halafu tunasema watoto wa siku hizi hawatulii.

Nendeni nao kwenye mwembe wowote wenye maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini. Msisogee sana, wale wanauma kweli. Tafuteni kile kifurushi cha majani mabichi kilichoshikamana, ndicho kiota. Mkibahatika kukuta kinajengwa, mtaona wadudu wamejipanga mstari, wameshika ukingo wa jani moja kwa miguu na ukingo wa jani la pili kwa meno, wanavuta mpaka kingo zikutane. Kisha wanakuja wengine, kila mmoja kabeba buu mdomoni. Buu anatoa uzi mweupe mwembamba, na yule mkubwa anampitisha huku na huku, jani hadi jani, mpaka pameshonwa. Fundi ni mdudu mzima, uzi unatoka kwa mtoto. Nimewaona wanafunzi wa darasa la tatu, wale wale wa "hawatulii", wamekaa kimya kabisa chini ya mti wakitazama hilo. Maswali waliyouliza baada ya hapo hayamo kwenye kiongozi cha mwalimu chochote: buu anaumia? Uzi ukiisha? Nani kawafundisha? Mmoja aliyekulia shamba Mkuranga akawaambia wenzake kwamba babu yake hataki maji moto wauawe kwa sababu wanalinda minazi. Ni kweli tupu, wanawala wale wadudu wanaofyonza nazi changa. Mtoto huyo huwa hanyooshi mkono darasani. Siku ile yeye ndiye alikuwa mwalimu.

Kuna na habari ya afya. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa shule za msingi za Guangzhou, China. Kundi moja la shule liliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona vizuri mbali walikuwa asilimia 30.4 katika kundi hilo, na asilimia 39.5 katika kundi ambalo halikuongezewa. Mwanga wa nje, hata wa kivulini, unazidi wa darasani mara nyingi sana, na jicho linalokua linauhitaji. Shirika la Afya Duniani nalo linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wauchangamshe mwili kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku. Wadogo, kuanzia mwaka 1 hadi 4, ni dakika 180. Saa tatu! Nani anazipata akiwa amefungiwa sebuleni?

Mahali papo. Kampasi ya Mlimani ina miti mikubwa na tumbili. Bustani ya Mimea pale mjini, jirani na Makumbusho ya Taifa, ipo tangu enzi za Wajerumani, 1893. Coco Beach maji yakipwa kuna miamba yenye vidimbwi. Kunduchi na Mbweni kuna mikoko. Wa Gongo la Mboto na Chanika wana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi mlangoni, ingawa huko muende kwa utaratibu, mpitie kwa wahifadhi. Na kama vyote hivyo ni mbali, mwembe wa msikitini au wa kanisani unatosha. Nasema hivyo nikimaanisha.

Mkifika, mzazi aache kufundisha. Hili ndilo gumu kuliko yote, nasema kama mwalimu. Usigeuze matembezi kuwa mtihani: "Huu mti gani? Nilikwambia jana!" Uliza "umeona nini?" kisha nyamaza. Beba maji, kofia, mkeka na daftari la kuchorea. Simu ikae mfukoni. Mtoto akitaka kukaa saa nzima anamtazama jongoo, kaa naye.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kusikia wenzangu mnafanyaje huko mliko.

#2 Baba_Kimara

Mwalimu uzi umetulia, umeandika vitu vya msingi. Ila umeruka jambo moja ambalo kwangu ndilo la kwanza: usalama. Mimi nilikua naachiwa toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi, mtaa mzima ulikuwa unanilea, jirani akikukuta unafanya upuuzi anakuchapa na nyumbani unaongezwa. Leo jirani simjui hata jina. Bodaboda hawaangalii. Nina binti wa miaka saba, nimwachie aende wapi? Sio kwamba hatupendi wacheze. Tunaogopa.

#3 Msukuma_wa_Igunga

Nitaongea ukweli wangu. Mimi nimechunga ng'ombe toka nina miaka sita mpaka nilipomaliza darasa la saba. Nimenyeshewa, nimechomwa na miiba, nimekosa vipindi vingi tu shuleni kwa sababu ya mifugo. Wenzetu mliokulia mjini mnaona pori ni zuri kwa sababu hamkulazimishwa kuwa humo. Nimepigana nitoke porini ili wanangu wakae darasani na kitabu. Leo naambiwa niwatoe niwarudishe kwenye wadudu? Nieleweni, sibezi. Naomba tu mtu anieleze kwa nini.

#4 Mwalimu_wa_Tabata

Baba_Kimara, hofu yako ni ya haki na sitaipuuza. Sisi mtaani kwetu tumeifanya hivi: familia chache zinazojuana zimekubaliana siku, na kila mara wanakuwepo watu wazima wawili, kwa zamu. Mmoja anakaa upande wa barabara, wa pili anakaa na watoto. Wakubwa wanapewa wadogo wa kuwaangalia. Faida ambayo hatukuitegemea ni kwamba sasa majirani tunajuana. Ule mtaa uliokulea wewe ulijengwa na watu waliokuwa wanakaa nje. Tukijifungia wote, hautarudi.

Kaka yangu wa Igunga, nakuheshimu sana kwa ulichoandika. Mtoto kunyimwa shule kwa ajili ya ng'ombe ni dhuluma, na sikubaliani nayo hata kidogo. Lakini naomba nikuulize. Wewe bila shaka unaujua mti ambao kuni zake hazitoi moshi, unajua jani la kufukiza mtoto mwenye mafua, unajua mawingu ya mvua na ya kupita tu. Wanao wanalijua lipi kati ya hayo? Uliyapata kwa mateso, ni kweli. Wao wanaweza kuyapata kwa raha, Jumapili mchana, kutoka kwa baba yao, na Jumatatu wakaenda shule kama kawaida. Usipowapa wewe, hakuna shule itakayowapa.

#5 Msukuma_wa_Igunga

Hapo kwenye mawingu umenigusa. Mwanangu wa kwanza kaniuliza juzi mvua inatoka wapi, nikamwambia asome kitabu. Nalifikiria.

#6 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Naunga mkono hoja, ila niongezee ya kitabibu maana naona watu watatoka mbio na watoto.

La kwanza, maji baridi (yasiyo ya chumvi) yaliyotuama. Mabwawa, mitaro, madimbwi yenye konokono: msiwaache watoto wacheze humo. Kichocho kinaingilia kwenye ngozi, huna haja ya kuyanywa maji. Ndani ya wiki chache vijidudu vimekomaa mwilini, na dalili kama mkojo wenye damu mzazi anaweza kuiona baada ya miezi. Wa kanda ya ziwa mnalijua hili vizuri. Maji ya bahari hayana kichocho.

La pili, udongo si adui. Mtoto achafuke, kisha anawe kwa sabuni kabla ya kula, na kucha zikatwe fupi. Viatu avae, hasa penye vinyesi vya mbwa na paka. Dawa za minyoo zinazotolewa shuleni asikose.

La tatu, chanjo ya pepopunda iwe imekamilika. Kidonda cha mwiba au msumari kisafishwe kwa maji mengi na sabuni, kirefu kipelekwe kituo cha afya.

La nne, nyoka. Mfundisheni mtoto asiingize mkono kwenye shimo wala chini ya gogo asikokuona. Akiumwa: atulie, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja. Hakuna kuchanja, hakuna kufunga kamba ya kukaza, hakuna kunyonya sumu.

Baada ya hayo, watoeni nje kwa amani. Wodini tunaona watoto wengi walioumia majumbani kwa maji ya moto na mafuta ya taa. Walioumizwa na mti hawajawazidi hao.

#7 Mkaazi_wa_Githurai

Salamu kutoka Nairobi, majirani. Huu mjadala sisi tumeupitia kwa uchungu, kwa hivyo wacha niseme kidogo.

Msitu wa Karura uko ndani ya jiji, zaidi ya hekta elfu moja. Miaka ya tisini ulikuwa unagawanywa kimyakimya kwa wajenzi. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti pale pale mahali palipokuwa pamefyekwa, na Januari 1999 wakapigwa na vijana wa kukodishwa, yeye akapasuliwa kichwa. Msitu ukabaki. Hata hivyo kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna mzazi angempeleka mtoto Karura, palikuwa na majambazi. Kilichobadilisha ni uzio wa umeme, walinzi waliotoka kwenye vijiji vya kando ya msitu, na njia zilizowekwa alama. Leo Jumapili utakuta familia nzima huko, watoto na baiskeli, nyanya na kikapu cha chakula. Kuna maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Mbega weusi kwa weupe nao wamerudishwa.

Ninachotaka kumwambia Baba_Kimara ni hiki: usalama unatengenezwa. Karura haikuzaliwa salama. Na wazazi wakishaanza kwenda kila wiki, wao ndio wa kwanza kupiga kelele mtu akitaka kunyakua kipande. Huko kwenu viwanja vya wazi vinavyouzwa, vinauzwa kwa sababu hakuna mtoto anayevililia.

#8 Shuwari_Unguja

Ahsante mwalimu kwa uzi huu. Huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa bara wengi hawalijui. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe, ni hifadhi ya matumbawe tangu 1994. Wageni wanalipa kulala, na fedha hizo ndizo zinazoendesha hifadhi pamoja na safari za wanafunzi wa skuli za hapa. Waliokuwa wavuvi ndio walinzi, na wao ndio wanaowatembeza watoto.

Jirani yangu mwanawe alikwenda. Kijana wa kisiwani, baba yake mvuvi, samaki kawaona wamekufa tu, sokoni au kwenye sufuria. Akavishwa jaketi la kuelea na miwani ya kuzamia, akatia uso majini. Aliporudi alikaa na babaye akamweleza matumbawe ni viumbe hai, na ukitia nanga juu yake unavunja nyumba ya samaki unaotaka kuwavua kesho. Mzee yule kabla ya hapo hajapata kufundishwa kitu na mwanawe. Alisikiliza.

Ndipo ninapokubaliana na wewe nusu. Mahali pa karibu na pa kila siku, sawa. Lakini pa mbali mara moja, pakiwa na mtu anayejua kusimulia, napo pana kazi yake.

#9 Mama_Ridhiwani_wa_Mbagala

Naomba niulize kwa unyenyekevu. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu. Mchangani kiti hakiendi, msituni ndio kabisa. Nikisoma mambo ya maji moto na vidimbwi nafurahi, halafu naumia. Yeye tunampelekaje? Au tunamletea nini?

#10 Mwalimu_wa_Tabata

Mama, ahsante kwa kuuliza. Kwanza mahali: Bustani ya Mimea na baadhi ya njia za Mlimani ni tambarare, kiti kinapita, na chini ya mti mkubwa anatandikiwa mkeka alale chali atazame matawi. Kulala chali chini ya mti ni somo kamili.

Pili, vya kumletea. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa hali hiyo. Beseni kubwa, mkateka maji ya bahari kwenye kidimbwi pamoja na mchanga na mawe madogo, humo mkamweka yule kaa anayeishi ndani ya kombe la konokono. Beseni linakaa mapajani kwake. Mwanzoni kaa anajificha, mlango kaufunga kwa gando. Mkitulia anatoka, kwanza macho, halafu sharubu. Mkiweka na kombe tupu lenye nafasi zaidi, huenda mkamwona analipima kwa magando, analigeuza, kisha kwa ghafla anahama, mgongo laini uko wazi nukta moja tu. Yule mtoto alipiga kelele ya furaha mpaka wavuvi wakaja kuona kuna nini. Beseni likae kivulini, msikae nalo muda mrefu, na kila kiumbe kirudishwe pale pale kilipotolewa.

Nyumbani: makopo ya mrehani, mchaichai na mnanaa kwenye kimo cha mkono wake. Ayafikiche, anuse. Amwagilie mwenyewe hata kama nusu inamwagika chini.

Na Shuwari, nimekuelewa. Nakubali nusu yako.

#11 Mwl_Mstaafu_Moshi

Vijana, mmenikumbusha mbali. Malihai Clubs, klabu za wanafunzi za kuhifadhi wanyamapori, zilianza 1980, na shule nyingi zilikuwa na klabu. Tulikuwa na vitalu vya miche, tulikuwa na siku ya kuhesabu ndege. Mwaka 1991 Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, akakutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam, ikazaliwa programu ya vijana ya mazingira, Roots & Shoots, ambayo leo iko nchi nyingi duniani. Mbegu ya jambo hilo ni watoto wa sekondari wa hapa hapa kwetu, na vijana wengi wa leo hawajui.

Klabu hufa mwalimu mlezi akihamishwa. Nimeshuhudia mara nyingi. Kwa hiyo ushauri wangu: usiiweke mikononi mwa mwalimu mmoja. Waingizeni wazazi, mlinzi wa shule, mpishi. Na kila darasa lipewe mti wake, walioanza nao darasa la kwanza wautunze mpaka la saba. Jina la darasa liandikwe kwenye kibao. Mkuu wa shule ajaye akitaka kuukata ili aweke pevingi, atakutana na watoto arobaini na wazazi wao.

Na muwe wakali kuhusu kunguru! Watoto wa Dar wakiulizwa ndege, wanamjua kunguru. Hawa si wa kwetu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi ili wale taka, wakaenea pwani yote. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Waelezeni watoto hilo, kisha muwatafutie chozi anyonyaye maua na mnana anayesuka kiota. Bado wapo.

#12 Baba_Kimara

Nimeelewa somo, na ndugu yetu wa Nairobi kanimaliza. Nimeongea na majirani wawili wa ngazi moja na sisi, ambao leo ndiyo nimeyajua majina yao. Tunaanza na Coco Beach, vidimbwi. Sasa maji yanapwa saa ngapi? Nimewahi kwenda mchana nikakuta yamejaa mpaka ukutani. Na viatu vipi?

#13 Shuwari_Unguja

Fuata mwezi, ndugu yangu. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu hii, siku hizo maji makavu kabisa huwa kama saa nne mpaka saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika hamsini. Siku za maji mafu, yasiyopwa sana, usende, hakuna utakachokiona.

Fika muda wa saa moja na nusu kabla hayajakauka, mfuate maji yanavyotoka. Yakianza kurudi, nanyi rudini hapo hapo, msingoje, maana yanazunguka nyuma ya miamba. Viatu ni vya raba vilivyofunga kidole na kisigino, kandambili hapana, kuna vitu vya miiba vinavyojificha mawemawe. Watoto waguse kwa kiganja kilicholowa, wasiokote chenye umbo la koni chenye madoa mazuri, yule konokono ana sumu. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, upande wa chini ukae chini.

#14 Baba_Kimara

Bamvua ijayo ni wiki ijayo basi, nimeangalia mwezi. Binti kaniuliza kama yule kaa wa kwenye beseni ana jina. Nimemwambia ataliweka yeye. Nitaleta mrejesho.